Fibre ya intaneti inaweza kupima dozi ya miale ya radio (X-ray)?

fundi_kampemba (Lubumbashi)
Bakubwa jambo yenu. Mi kazi yangu ni fibre optike, kuchimba mufereji, kuvuta kable, kusude (kuunganisha fibre), kupima na OTDR, ile mashine inatuma mwangaza ndani ya fibre na kuonyesha fasi unapotelea. Sasa dada yangu anapigaka radio, picha za X-ray, mu klinike moja, jina naacha, chumba kidogo, tabliye ya plombo (aproni ya risasi ya kuzuia miale) imeanza kupasuka ku mikunjo, na ile badji ya dozimetri, ya kuhesabu miale, wanavaaka ku kifua inatumwa mbali kusomwa, majibu inakuya wakati kila mutu amesahau. Nikasoma fasi moja kwamba fibre inaweza kupima miale ya X. Mabaki ya fibre iko mingi ku nyumba. Nikizungusha mu kile chumba na kuweka OTDR yangu, nitaona dozi yenye dada anapata? Ama ni mambo ya maprofesa tu?

himbi_fizik (Goma)
Yaya, wazo si mubaya. Miale inaharibu kioo ya fibre polepole, mwangaza unaanza kupotea njiani, na kile kinapotea ukikipima njo unajua dozi. CERN, ile maabara kubwa ya fizik kule Geneva, banafanyaka vile, fibre yenye kutiwa fosforo inapita kandokando ya mashine na inasomwa na OTDR. Lakini tupige hesabu. Ile ya fosforo inapoteza karibu 4 dB (kipimo cha mwangaza unaopotea) ku kilometa kwa kila grei moja (kipimo cha dozi), ku mwangaza wa 1550 nm. Radio ya kifua inaacha tuseme 0.2 mili-grei ku ngozi ya mugonjwa. Hata uweke kilometa nzima chini ya tubi, ile inatoa miale, unapata 0.0008 dB, na sudire yako moja, ile nzuri ya kujivunia, inakula 0.02 yenyewe! Tena yako ya intaneti iko na jermaniamu, haisikii miale kama ile ya fosforo. Na dada hata hayuko chini ya tubi.

mzee_biomed (Lubumbashi)
Himbi amesema kweli. Ku radio wanatumiaka njia ingine, fibre haipimi, inabeba tu. Ku ncha yake unaweka kitu chenye kinawaka kikipigwa na miale, mwangaza unakimbia ndani ya fibre mpaka ku fotodiodi, kidude cha kugeuza mwangaza kuwa umeme, mu chumba ingine, umeme ya tubi haiisumbui hata kidogo, na ncha iko kama punje ya mchele, njo maana bantu ba radioterapi (kutibu kansa na miale) banaipenda, inaingia hata ndani ya mwili.
Sasa sikia mdogo wangu, hicho kitu pengine kiko mu kabati ya dada yako. Fungua kaseti ya zamani ya filimu ya radio, ile karatasi nyeupe ngumu ya ndani, mingi ni gadoliniamu oksisulfidi na terbiamu kidogo, inawaka kijani, karibu 545 nm. Kata kipande, bandika na gundi yenye haina rangi ku ncha ya fibre ya PLASTIKI ya milimita 1. Si ile yako ya kioo, kiini ya mikroni 9 itakamata mwangaza gani? Kisha funga skochi nyeusi, rudilia tena, maana taa ya chumba ikiingia utafikiri ni dozi.

nyota_bkv (Bukavu)
Mzee samahani nakukatiza, hiyo itamupa volti, haitamupa mili-grei. Gadoliniamu ni nzito, inakamata miale kuliko vile mwili unakamata, ukitoka 60 kV (nguvu ya tubi) ukapanda 110, dozi ileile inakuletea namba ingine, kwa hiyo lazima kulinganisha na shambre ya ionizasio, kile chombo cha kupima dozi sawasawa, ku kila kV. Sintilatori (kile kitu cha kuwaka) ya plastiki iko karibu na mwili zaidi lakini inawaka kidogo, na ku mashine kubwa za radioterapi fibre yenyewe inajiwakia, ule mwanga wa Cherenkov, inabidi kuutoa mu hesabu. Ku radio ya kawaida hauko, nguvu haifiki.
Na wewe fundi, hiyo kitu haitamulinda dada. Dozi yake ni ile ya miale inatawanyika toka ku mugonjwa, kidogo kidogo, inajumlishwa miezi na miezi, hiyo ni kazi ya badji. Kikomo ya mufanyakazi ni 20 mSv (mili-sivati, kipimo cha dozi ku mwili) ku mwaka, wastani wa miaka 5. Adai tabliye mupya, adai majibu, apige akiwa nyuma ya paravani (ukuta wa kuzuia miale). Akisimama mbali mara mbili anapata robo tu.

fundi_kampemba
Aksanti sana wote. Tabliye kwanza basi, nitaenda mwenyewe kuongea na patron wake. Ila hii ya kaseti imenikamata kweli. Kurant yetu munaijua, inapanda inashuka. Kuona tu kama tubi inatoa sawasawa na jana, inafaa?

mzee_biomed
Hapo inafaa kabisa, mili-grei ya nini. kV ileile, mA ileile, umbali uleule, mutu hakuna chumbani, unaandika namba. Angalia tu rangi mbele ya kukata: zima taa, acha kaseti wazi ku meza, dada apige na wewe ukiangalia toka nyuma ya kioo ya plombo. Ikiwaka bluu pengine ni tungsteti ya kalsiamu, achana nayo, fotodiodi ya bei ndogo haionake bluu muzuri.