Shefu anatukaripia mu grupe ya WhatsApp, nimuambie namna gani?

Dada_Nguba: Jambo bandugu. Nafanya kazi ku depo moya hapa Bukavu, shefu wetu kosa kidogo tu anaitupa mu grupe, kila mutu anasoma, kisha nikifika ku nyumba sina hata hamu ya kusema na bwana yangu, anawaza namukasirikia yeye. Nimuambie shefu namna gani bila kumukosea heshima?

Kadutu_243: Dada usimujibu mu grupe! Ngoja akuwe peke yake, asubui mbele bateja baingie, umuambie kintu yenyewe ilipita: «Shefu, jana uliandika juu ya stoki mbele ya bote, nilisikia haya, naomba siku ingine uniite pembeni.» Usianze na «weye kila siku», hapo mutu anafunga masikio.

Muzee_Ibanda: Kweli kabisa. Na akijibu, sikiliza. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa anarudilia kwa maneno yake kile mutu amemuambia, ajue kama amesikia muzuri. Nawe fanya vile: «Kama nimesikia muzuri, shefu, unaogopa hesabu ipotee?» Utaona sauti yake inashuka. Na bwana, mwanangu, muambie ukiingia tu: kazi ilinichokesha, haiko weye.

Dada_Nguba: Aksanti sana muzee, bwana namuambia leo leo.