Naomba ushauri: unga unanunuliwa kwa dola, unauzwa kwa faranga

Bandugu wenye maduka ya unga hapa Lubumbashi, naomba mawazo juu ya kupanga bei.

Tuseme mfuko wa kilo 25 umetoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa dola 20, dola moja ikiwa faranga 2.800. Mtaji ni 56.000, unauzwa 61.000. Kabla ya kurudi kununua, dola inafika 3.100. Zile 61.000 hazifikishi tena dola 20. Daftari linasema faida 5.000, kumbe mfuko mwingine haununuliki, na nauli bado. Ukiwa umekopesha hadi mwisho wa mwezi, ndiyo basi.

Kubadilisha faranga kuwa dola kila jioni kunasaidia, ila kambisti (mbadilisha pesa) anakata chake, na dola yenye mpasuko mdogo tu pembeni utarudishiwa. Kulundika mifuko nako kuna hatari: unga wa mahindi usiokobolewa una mafuta ya kiini, masika unageuka uchungu mapema.

Je, mnapiga bei kwa gharama ya kununua tena, au kwa mliyolipa? Deni mnaandika kwa dola? Na faranga ikipata nguvu, mnashusha bei mara moja au mnangoja mzigo wa zamani uishe?