Mafaili ya saratani kwenye kompyuta: nani aulizwe kabla mfumo haujatengenezwa?

Mzawa wa Makorora: Wadau, salaam. Hospitali zinapotaka kuhamisha mafaili ya wagonjwa wa saratani kwenye kompyuta, mbona wanaotengeneza mfumo hukaa na wakubwa siku mbili tatu, basi? Mama alikatwa kipande cha nyama cha kupimwa hapa Tanga, akapewa rufaa ya Dar. Majibu tulibeba wenyewe, karatasi imekunjwa mara nne kwenye pindo la khanga. Tulipofika, jasho limefuta namba ya kipimo. Akakatwa upya, tukasubiri tena wiki tatu. Mtengeneza mfumo angepanda basi na mgonjwa mmoja tu, kilomita 350 hizo, angejua cha kuanza nacho.

Fundi Mitambo: Pole kwa mama. Ila ukimuuliza kila mtu hujengi kitu. Mgonjwa wa kijijini utamuuliza nini kuhusu mfumo wa kompyuta? Waingereza walijaribu mradi mkubwa wa namna hiyo, ukawafia mkononi. Nadhani ni kwa kusikiliza watu wengi mno.

Binti Muheza: "Mgonjwa wa kijijini utamuuliza nini"? Bibi yangu hajui kusoma. Lakini anajua dripu yake ya tatu ya dawa ya saratani iliahirishwa kwa sababu damu ilikuwa chini, na anajua ilikuwa wiki ya machungwa kukomaa. Faili lake linaonyesha dripu sita mfululizo, hakuna iliyoruka. Sasa niambie nani hajui.

Fundi Mitambo: Dada, sijamtukana bibi. Nimesema kuhusu mfumo.

Binti Muheza: Umesema "wa kijijini". Tumesoma wote.

Sista wa Zamu: Naomba niseme, kazi hii naifanya. Dozi nyingi za kemo, yaani hizo dawa za saratani, hupigwa kwa uzito na urefu, na mgonjwa wa saratani anakonda kati ya dozi na dozi. Mfumo tulioletewa mahali nilipokuwa ulibeba uzito wa siku ya kwanza mpaka mwisho, hauulizi. Tukawa tunaandika uzito wa leo kwa kalamu pembeni ya karatasi, daktari anapiga hesabu upya. Hatua ya ugonjwa, kama ni ya pili au ya nne, haikuwa na mahali pake, tukaibana kwenye "maelezo mengine". Hakuna aliyekuja kukaa nasi hata zamu moja.

Mzee wa Pongwe: Nyote mnakimbilia mashine. Mimi nauliza siri. Ndugu yangu aliambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi. Kabla mumewe hajajua, karani kashajua, na magharibi baraza zima linajua. Hilo faili mkilitia kwenye kompyuta, litasomwa na wangapi?

Mzawa wa Makorora: Shikamoo mzee. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na mfumo ukitengenezwa vizuri unaonyesha nani alifungua faili, saa ngapi. Karatasi ya masijala haikuonyeshi hilo.

Binti Muheza: Na huyo karani alisoma kwenye karatasi, mzee wangu, si kwenye kompyuta.

Mzee wa Pongwe: Marahaba. Binti, sheria haizibi mdomo wa karani. Na mume kuwa wa mwisho kujua, hilo ni sawa kwenu?

Binti Muheza: Ugonjwa ni wake, mwili ni wake. Akitaka kumwambia mumewe atamwambia.

Mzee wa Pongwe: Nauli ya Dar analipa nani?

Mama Chumbageni: Mzee, mimi nililipa nauli yangu mwenyewe kwa kuuza vitumbua. Usitie watu wote chungu kimoja.

Mzawa wa Makorora: Fundi, nirudi kwako. Ule mradi wa Uingereza ulianza 2002, serikali ikatangaza kuuvunja 2011. Haukufa kwa kusikiliza watu wengi. Ulisukumwa kutoka juu, na madaktari wengi walilalamika kwamba hawakushirikishwa.

Fundi Mitambo: Sawa, hapo nimekosea. Lakini bado nataka mtu mmoja wa kufanya uamuzi, si mkutano wa hadhara.

Sista wa Zamu: Nimetoka zamu sasa hivi. Naona hakuna aliyenijibu kuhusu uzito. Leo nimempima mama mmoja, kapungua kilo nne tangu dozi iliyopita. Fundi, hilo unaliweka wapi kwenye mfumo wako?

Mzee wa Pongwe: Sista, subiri kidogo mwanangu. Huyu binti bado hajanijibu: mume ajulishwe au asijulishwe?