Jaribio la subira kwa watoto wa chekechea: linapima nini hasa?

Mtafiti_Mchanga: Habari wakuu. Nataka kupima subira ya watoto wa miaka 4 kwa lile jaribio la mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: mtoto anaachiwa kitamu kimoja, akingoja anapata viwili. Nimpe dakika ngapi, na nichunge nini?

Kipimo: Dakika 15 mkuu. Utafiti wa Watts na wenzake (2018) kuhusu jaribio hilo uliishia dakika 7, zaidi ya nusu ya watoto wakafika mwisho, hivyo huwezi kuwatofautisha hao. Rekodi video, watu wawili wahesabu sekunde kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Usipime kabla ya uji wa saa nne, maana utakuwa unapima njaa. Na mtoto achague kitamu mwenyewe. Asiyekipenda atangoja bila shida.

Mwalimu wa Takwimu: Chukua pia elimu ya mama na hali ya kipato nyumbani. Utafiti huohuo wa 2018 ulionyesha kwamba uhusiano wa kungoja na ufaulu wa baadaye unapungua sana ukizingatia malezi na uwezo wa familia.

Bi Saida: Kubwa zaidi ni imani ya mtoto kwamba ahadi itatimizwa. Katika utafiti wa 2013 kule Rochester, Marekani, watoto 28 waliahidiwa kwanza kalamu nzuri za rangi. Walioletewa walingoja kitamu wastani wa dakika 12. Walioambiwa "samahani, hazipo" walingoja 3 tu. Kwa hiyo anayepima awe mtu yuleyule kwa watoto wote, na asiwaahidi chochote asichoweza kutimiza, hata stika.