Spika za zamani au mpya: niamini sikio au grafu?

Kijana wa Temeke
Wakuu, habari zenu. Sebule yangu ni mita nne kwa tatu, inatosha jozi moja tu ya spika. Za kwanza ni za marehemu baba, maboksi ya mbao, wufa (spika za besi) za inchi nane. Za pili nimenunua juzi baada ya kuiona grafu yake, ule mchoro wa nguvu ya sauti kuanzia besi hadi sauti nyembamba, imenyooka karibu yote. Lakini nikiweka taarabu, kwenye za baba kanuni, ile ala ya nyuzi, inalia mpaka nywele zinasimama. Kwenye mpya naona muziki umepoa. Mngebaki na zipi?

FundiSpika
Mkuu, soma nyuma ya maboksi. Kama za mzee zimeandikwa desibeli 90 (kipimo cha sauti inayotoka kwa wati moja) na mpya 85, basi volyumu ikiwa palepale za mzee zinapiga juu zaidi, na sikio hupenda kinachopiga juu. Mpya zinataka wati kama mara tatu ili zilingane nazo. Sawazisha kwanza, hata kwa programu ya simu.

Msikilizaji Tanga
Na uzifunike. Watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha mwaka 1994 kwamba watu walewale, wakiziona spika, hutoa alama tofauti na wanazotoa zikiwa nyuma ya pazia. Zikifichwa, wengi huchagua zenye grafu iliyonyooka. Pole kwa msiba, ndugu yangu, lakini huenda kwenye zile spika unamsikia na mzee mwenyewe.

Bi Kanuni
Na akimsikia mzee wake, kosa liko wapi? Spika ya Yamaha NS-10 ya mwaka 1978 ina kilima katikati ya grafu na besi yake ni haba, ila studio kibao duniani zimeitegemea. Mimi jioni nakaa kusikiliza, sikagui. Kinachonitoa machozi ndicho kinachobaki kwangu.

FundiSpika
Bi Kanuni, studio waliitumia kukagua kazi, kujistarehesha ni jambo jingine. Halafu chumba cha mita nne huvimbisha besi kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 43 hivi, na ukiweka spika kwenye kona inazidi. Zivute mbele, tandika zulia juu ya vigae, ndipo ulinganishe.

Kijana wa Temeke
Nimerudi. Nimesawazisha sauti, mke wangu akawa anabadilisha waya, mimi nimefungwa kitambaa machoni. Raundi kumi, mpya nimezichagua saba. Sikutegemea kabisa. Kwenye sauti ya mwimbaji za baba bado zilinigusa, ila fidla ikipanda kulikuwa na mkwaruzo upande wa kushoto. Nikafungua wavu: spongi ya pembeni ya wufa imemumunyuka, ukiigusa inabaki vidoleni kama masizi. Miaka yote hiyo sikuusikia.

Mpya zinabaki sebuleni. Za baba, mama ameomba apelekewe chumbani kwake. Fundi, kubadilisha spongi zote mbili kwako ni shilingi ngapi?