Gumzo la kikundi: Boma la Manyatta

Jumamosi

Mama: Adhis umekula?

Adhis: Nimekula chipsi. Zimemwagiwa mayonezi hadi chini, huku Ubelgiji ndiyo kawaida. Niko nje ya uwanja, nimekuja mpira.

Mama: Mpira saa nne usiku?

Adhis: Huku ni saa mbili, Mama. Unaanza saa tatu kasorobo.

Omosh: Genk ama?

Adhis: Ndio. Kutoka kwangu Hasselt si mbali, hata Ahero ni mbali kuliko.

Baba: Genk ya Okoth?

Adhis: Okoth yupi?

Baba: Yawa. Na ada nililipa.

Baba: Mike Okoth, babake Divock Origi yule mchezaji. Alichukua ligi ya Ubelgiji na hao hao Genk 1999. Huyo mtoto akakulia kwenye akademia yao. Na ndugu yake Mike, Austin Oduor, ndiye alikuwa kapteni wa Gor Mahia tulipobeba Kombe la Mandela, lile la Afrika, 1987.

Mjomba Nakuru: Ameanza 1987. Leteni viti.

Baba: Shemeji, hao Ingwe wako, AFC Leopards, wakichukua la Afrika nitakaa nikusikilize.

Adhis: Mimi nilikuwa namjua Samatta tu 🙈

Omosh: Samatta alipata Kiatu cha Ebony akiwa hapo, ile tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika Ubelgiji, 2019, mwaka waliochukua ligi.

Shangazi: Samatta ni wa Tanzania. Usiende kuwaambia Wazungu ni wetu.

Adhis: Shangazi, hapa nikisema Afrika Mashariki ndiyo nimefika mbali. Haya naingia. Mlangoni wamechukua kifuniko cha chupa yangu ya maji, chupa wakaniachia. Eti nisimrushie mtu.

Omosh: Wanakujua 😂

Adhis: Nimevaa ile jezi ya kijani ya Gor ndani ya koti, lakini kuna watu wananiangalia vibaya.

(Picha: uwanja wa taa, jukwaa la nyuma ya goli limejaa buluu)

Mama: Funga hilo koti.

Mama: Adhis?

Mama: Mbona tiki ni moja?

Baba: Baridi inakula betri. Lala.

Mama: Saa saba usiku na tiki bado moja. Nani hapa analala?

Jumapili

Adhis: Nisameheni jamani. Simu ilikuwa na asilimia 40, nikaitoa nipige picha ya pili, ikazima papo hapo. Nilipofika nikaiweka kwa chaji, usingizi ukanibeba kabla haijawaka.

Mama: Mimi nimeenda kanisani na macho mekundu kama mlevi.

Adhis: Pole Mama. Sasa sikieni. Wageni walikuwa Cercle, wametoka Brugge, na rangi yao ni kijani na nyeusi. Ndiyo maana nilikuwa naangaliwa! Kando yangu alikaa mzee, umri wa Baba Mkubwa hivi, akaona kijani kinachungulia shingoni, akadhani nimepotea jukwaa. Nikafungua zipu nikamwonyesha vizuri, nikasema Kenya. Akanyamaza. Halafu akasema "Okot."

Omosh: Acha!

Adhis: Bila ile th yetu, lakini ni yeye. Huu ni mwezi wangu wa tano huku na sijawahi kusikia mtu akitaja jina la kwetu bila kulisoma mahali. Darasani jina langu wamelikata, ni "Ad" tu. Nilitaka kulia, na mpira haujaanza hata.

Adhis: Bahati Baba alikuwa amenifundisha nusu saa kabla. Nikamwambia ndugu yake Okoth alikuwa kapteni wa timu ya hii jezi. Mzee akaishika kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitenge pale soko la Jubilee.

Shangazi: 😂😂 Angeuliza na bei.

Adhis: Alikuwa mchimba makaa ya mawe hapo Waterschei. Babake ndiye alitoka Italia kufuata hiyo kazi. Uwanja uko kando tu ya mgodi wa zamani. Mgodi ulifungwa 1987, na mwaka uliofuata timu ya Waterschei ikaunganishwa na ya Winterslag, ndiyo ikazaliwa Genk.

Baba: 1987?

Adhis: Mwaka uleule, Baba. Nikamwambia sisi mwaka huo tulikuwa tunabeba kombe. Akasema basi ni vizuri, kumbe kuna mahali watu walicheka.

Baba: Huyo mzee nampenda.

Mjomba Nakuru: Na mpira wenyewe?

Adhis: Sare, 1-1. Kipindi cha kwanza hakikuwa kitu, walipasiana kama mpira una moto. Lakini wale wa nyuma ya goli hawakukaa chini hata dakika moja, ngoma mwanzo mwisho. Mimi makofi yangu hayakusikika, nimevaa glavu. Bia wanauza kwa vikombe vya amana, ukirudisha kikombe unarudishiwa pesa yako. Omosh angeokota hivyo vikombe mpaka apate nauli ya kurudi Kisumu.

Baba: 1-1! Mnajua fainali ile ya 1987, Tunis tulitoka 2-2 na Esperance, tukaja Nairobi ikawa 1-1? Jumla sare, kombe likaja kwa sababu tulifunga mengi ugenini. Siku hizo bao la ugenini lilikuwa na uzito wake.

Mjomba Nakuru: Kwa hivyo digrii ya ugenini nayo itahesabiwa mbili?

Shangazi: Ada ndiyo inahesabiwa mbili.

Mama: Sijasikia nani alikupeleka nyumbani.

Adhis: Basi, Mama. Mzee na binti yake walisimama nami kituoni mpaka likaja. Na hii skafu ya buluu ni yake, alinifunga nayo shingoni ile kijani isionekane. Akasema nitairudisha siku nyingine ya mpira.

(Picha: skafu ya buluu na nyeupe juu ya kitanda)

Mama: Skafu ya mtu hairudishwi hivyo hivyo. Ifue. Ile chai ya Kericho niliyokufungia bado iko?

Adhis: Pakiti moja imebaki. Ndiyo ninayoibania 😭

Mama: Basi hiyo ni ya mzee.

Baba: Na umfundishe. Okoth. Ulimi katikati ya meno.