Wakuu, kipima mwendo wa risasi kinanichanganya, naomba ushauri

Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara, nina bastola ya milimita 9 yenye leseni. Jumamosi nilikwenda uwanja wa shabaha na kronografu (hicho kipima mwendo) ya kuazima, ile ya sensa mbili zinazosoma kivuli cha risasi ikipita. Risasi za kiwandani, kichwa cha risasi kina uzito wa greni 115 (kama gramu 7.5). Boksi linasema mita 360 kwa sekunde. Asubuhi kukiwa na mawingu nilipata 342, 347, 339. Mtutu wangu mfupi, kwa hiyo upungufu huo naukubali. Lakini jua la saa sita lilipowaka ikaruka hadi 418, mara haisomi kabisa! Hiyo 418 siiamini. Kronografu niliiweka mita 3 mbele ya mtutu. Je, nifunike sensa kwa kitambaa cheupe, au niisogeze? Na nipige risasi ngapi ndipo wastani uaminike?